Goti Lililougua Badala Yangu

Mimi ndiye Nassor wa Firq, mwenye diploma ya ualimu wa michezo, mtu wa kwanza katika ukoo wetu kupata cheti cha chuo kwa Kiarabu alichojifunza ukubwani. Sikubebwa na mtu. Babu yangu aliondoka Oman akiwa kijana akaenda kufungua duka Urambo, na mimi nikarudi peke yangu na begi la mgongoni lenye suruali mbili na glavu za golikipa. Leo wachezaji niliowafundisha wananiita mudarrib, yaani kocha, hata tukikutana sokoni na watoto wao. Nayasema haya mwanzoni ili msomaji asije akadhani anasoma maneno ya mtu dhaifu. Mtu dhaifu hasimami golini.

Nimeandika kwa ajili ya mchezaji yeyote wa chuo, awe Nizwa, Ibra au Sur, anayeamka asubuhi mwili mzima una nguvu na bado hawezi kufunga kamba za viatu. Nilikuwa huyo, na sasa sivyo.

Nilipofika nilikaa kwa Ami Khalfan, ndugu yake baba, mwenye gereji ya magari pale Firq, kitongoji cha Nizwa. Mchana nilishika spana, jioni nilidaka mipira kwenye kiwanja cha changarawe nyuma ya gereji. Kocha Mubarak aliniona hapo. Ni mtu wa Sur aliyepata Kiswahili kwa mama yake, na alikuwa akifundisha timu ya chuo kimoja mjini Nizwa. Alinitazama nikiruka kwenye changarawe kama wengine wanavyoruka kwenye godoro, akasema, "Wewe una wazimu. Njoo chuoni." Nikapata nafasi ya masomo kupitia michezo: kitanda bwenini, darasa, chakula. Vyote vilikuwa juu ya mikono yangu. Siku nikiacha kuwa golikipa wa chuo narudi kwenye spana. Nililijua hilo kila asubuhi, na kwa muda mrefu lilinipa nguvu.

Maradhi yalianza tende zilipokuwa zikivunwa. Kwanza usingizi ulipungua. Halafu chakula kikawa hakina ladha, hata wali wa Bibi Zuwena, mama mkwe wa Ami, mzaliwa wa Unguja mjini, ambaye hajawahi kupika chakula kibaya maishani mwake. Halafu nikaanza kukaa kitandani na soksi moja mguuni na nyingine mkononi, nikiitazama ile ya mkononi. Nikajiambia ni joto. Huku kwetu joto hubebeshwa mengi.

Tukaenda kucheza Ibra. Kipindi cha pili, mpira uko upande wa pili kabisa, hakuna hatari yoyote, kifua kikafunga. Moyo ukapiga kama mtu anayegonga bati. Mikono ikafa ganzi hadi kwenye viwiko. Nikashika mlingoti wa goli nisianguke. Mpira ukaja, mwepesi, wa kudakwa na mtoto, ukapita karibu na bega langu ukaingia. Nikakaa chini. Beki wangu Hamed, kijana aliyezaliwa hapa hapa Oman, akaniinamia akasema kwa Kiswahili chake, "Nassor, nini imekupata? Simama, watu naangalia!"

Hospitalini walinipima moyo, wakanipima damu. Nilingoja kwenye viti vya plastiki nikiwa bado na jezi, mzee mmoja kando yangu akinitazama njumu. Daktari akaja akasema moyo ni mzima, safi kuliko wa kwake. Kisha akashusha sauti akasema ataniandikia niende kliniki ya maradhi ya nafsi. Kocha Mubarak alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimsikia akivuta pumzi.

Kesho yake tulikaa ofisini kwa Ustadh Hilal, mkuu wa idara ya michezo. Hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lieleweke. Alifunga mlango, akanimiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe.

"Sikiliza, yaa Nassor," akasema. "Mchezaji akivunjika mguu, tunamngoja. Msimu mzima tunamngoja. Lakini akisema kichwa, nafsi, mambo hayo, wakubwa wanasema apumzishwe. Na aliyepumzishwa sijamwona akirudi. Kulikuwa na mrusha mkuki hapa, kijana hodari. Alisema ukweli. Yuko wapi?"

Nikakiweka kikombe chini.

"Basi," akasema Ustadh Hilal, "ni goti."

"Goti gani?" nikauliza.

Akamtazama Kocha. Kocha akatazama dirisha. "La kulia," akasema Ustadh Hilal.

Nikatoka pale na bandeji nene na gongo la kutembelea. Nilishukuru. Sitasema uongo, nilishukuru sana, maana kitanda changu kilibaki changu na jezi yangu ilibaki kwenye msumari wake.

Nilichosahau ni desturi yetu. Mgonjwa huzuriwa. Kabla ya wiki kwisha chumba changu cha bwenini kilijaa watu. Timu nzima ilikuja, wakaleta halwa, machungwa, birika la kahawa. Walimu walikuja. Wakaja hata wapinzani wetu wa Ibra, waliofunga lile goli, wakaomba radhi kana kwamba ni wao walionivunja. Kila mmoja alikuwa na dawa ya goti. Huyu mafuta ya nyonyo, yule maziwa ya ngamia, yule jina la daktari wa India. Nikaketi kitandani mguu juu ya mto, nikishukuru, nikitabasamu, na ndani yangu kulikuwa kama nyumba iliyohamwa. Sijawahi kupendwa vile na wala sijawahi kuwa mpweke vile. Wote walikuja kuliona goti. Mimi hakuna aliyekuja kuniona.

Bibi Zuwena alikuja naye, ameshikwa mkono na Ami. Nikataka kuinuka.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Kaa, kaa, usinisimamie na mguu mbovu. Hebu nilione." Akafungua bandeji, akaliminya goti huku na huku kwa vidole vyake vigumu. "Mbona halijavimba?"

"Limevimba ndani, Bibi."

"Ndani!" akasema. "Na macho nayo yamevimba ndani? Maana naona yameingia." Kisha akafunga bandeji, akanipa karanga za kukaanga kwenye karatasi, akaniangalia mpaka nikala.

Baridi ilipoingia goti lilikuwa halijapona, kwa kuwa halikuwa na pa kupona. Ami Khalfan akachoka kungoja. Akanipakia kwenye pikapu yake asubuhi mapema akanipeleka Sinaw, kwa mzee mmoja wa Kibedui anayetibu kwa kuchoma chuma cha moto. Soko la mifugo lilikuwa limechangamka, mbuzi wanazungushwa, watu wanapigiana kelele za bei. Tukaketi nyuma ya duka la kamba, foleni ya wenye migongo na wenye mabega, na mimi katikati yao na goti zima kuliko yote mkoani Sharqiyah. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa nayo chuma kilipokuwa kwenye makaa, nilikuwa nayo kilipotoka chekundu. Ami alinishika mabega kwa upendo.

"Kaza meno, mwanangu. Mwanamume wewe."

Nikakaza. Wakachoma juu ya goti na chini yake. Sikulia. Katika foleni ile wote walisema hawajaona kijana mgumu hivyo.

Tulipokuwa njiani kurudi, kwenye ule uwanda usio na mti wala nyumba, nikaanza kulia. Si kwa maumivu. Ami akasema, "Linauma?" Nikasema, "Ami, goti halina kitu. Halijapata kuwa na kitu." Na nikamweleza yote: usingizi, soksi, mlingoti wa Ibra, kahawa ya Ustadh Hilal.

Akaegesha gari kando ya barabara. Akazima injini.

"Umekaa kimya nikakuchoma?"

"Ndiyo, Ami."

"Goti zima?"

"Ndiyo."

"La haula!" Akashuka, akazunguka gari mara moja, akarudi akaketi. "Mimi nimemlipia kahawa mpaka yule bwana wa makaa!" Nikadhani atanipiga. Badala yake akacheka, kicheko kibaya kifupi, kisha akafunika uso kwa kilemba chake. Alipokifunua hakuwa anacheka. "Binti zangu hawajaolewa, Nassor. Watu wakisikia kwetu kuna ugonjwa wa akili, nani atabisha hodi? Katibiwe. Nitakupeleka mimi. Lakini goti libaki goti."

Basi goti likawa na idara ya michezo na sasa likawa na ukoo pia.

Alinipeleka kliniki ya mbali, upande wa Ibra, ili tusikutane na mtu wa Nizwa. Bibi alileta kwanza mwalimu wa Kurani akanisomea, na nasema wazi kwamba kisomo kile kiliutuliza moyo wangu, lakini mikono ilibaki baridi, na mwalimu mwenyewe alisema, "Dua na daktari ni ndugu, nenda." Chumba cha kungojea kilikuwa na viti vya buluu na runinga isiyo na sauti. Watu walikaa wakitazama viatu vyao. Mbele yangu alikaa kijana mrefu, mkono wake wa kulia umening'inizwa kwa kitambaa shingoni. Akalitazama gongo langu. Nikautazama mkono wake. Muuguzi akamwita, akaitika kwa kuinua mkono ule ule mbovu, juu kabisa.

Akanikuta nikimtazama. Akaushusha taratibu.

"Bega," akasema.

"Goti," nikasema.

Tukacheka mpaka watu wote wakaacha kutazama viatu vyao wakatutazama sisi. Alikuwa Yahya, mchezaji wa mpira wa wavu kutoka chuo kimoja cha Sur. Idara yake nayo ilimpa bega. Kwa nusu saa niliyokaa naye alipotoka kwa daktari nilipumua kuliko miezi yote iliyotangulia. Msomaji, kama uko kwenye viti vile sasa, inua macho kidogo. Huenda mwenzako naye amevaa bandeji.

Daktari alikuwa mwanamke mtaratibu, haharakishi mtu. Dawa za mwanzo zilinikausha mdomo na kunilaza kama mzoga. Nikanenepa, jezi ya golikipa ikanibana tumboni na bukta ikaacha alama kiunoni. Vidole vilitetemeka nikishika kikombe. Mimi niliyeruka kwenye changarawe nilihema kupanda ngazi za bweni. Akabadilisha dawa, nikatapika asubuhi kwa muda, kisha mwili ukazizoea. Katika mazungumzo yetu alinifundisha kukaa chini kifua kikifunga, nisipigane nacho, nitoe pumzi polepole kuliko ninavyoivuta, ningoje. Nilichukia neno ngoja. Maisha yangu yote sikungoja kitu, nilikifuata. Lakini nilijifunza, na nikitia nia nawapita wengi. Ramadhani ilipofika nilikuwa naonja ladha ya tambi za sukari za Bibi. Nilikula sahani nzima, akanitazama, akasema, "Alhamdulillah. Sasa umerudi mezani." Hakuuliza zaidi.

Baada ya Idi mashindano ya vyuo yakakaribia. Yalikuwa yafanyike Sur. Ustadh Hilal akaniita, uso umekunjuka.

"Goti limepona," akasema.

"Nimepata nafuu," nikasema, "lakini kliniki bado. Kila baada ya wiki mbili, mchana, wakati wa mazoezi."

"Goti lililopona haliendi kliniki, yaa Nassor. Watu watauliza. Acha kliniki, vaa jezi, twende Sur. Au endelea kuumwa goti, tumchukue golikipa mwingine."

Nikaelewa nilipofikia. Nikiacha matibabu nitasimama golini na maradhi yangu, nikiyashika matibabu nitapoteza goli. Nililala juu ya jambo hilo. Kisha nikampigia Ami simu. Nilimwambia nitasema ukweli, na kwamba naomba radhi yake kabla sijasema. Nikasikia nyundo za gereji nyuma yake.

"Ukisema, sema vizuri," akasema. "Usiseme kama mwizi."

Nikasema siku iliyofuata kwenye chumba cha kubadilishia nguo, timu nzima ipo, wengine wamevaa kiatu kimoja. Nilisimama. Nikafungua bandeji nikaitupa kwenye ndoo. Nikasema goti langu zima, ninaumwa nafsi, natumia dawa, nakwenda kliniki, napata nafuu, na bado ni golikipa bora kuliko yeyote humu ndani.

Hamed akasema, "Mimi najua zamani. Bandeji iko kulia, wewe nachechemea kushoto."

Mtu akacheka, wakacheka wengi. Si wote. Kiungo wetu mmoja aliondoka akavalia nje, na kwa wiki kadhaa hakunywa kwenye chupa niliyoinywea. Nahodha akaniuliza kama dawa zile zinamfanya mtu awe mkali. Nikamwambia ukali ni wangu wa kuzaliwa.

Habari zikafika juu kabla jasho halijakauka. Jioni ile ile nikaambiwa nimepumzishwa. Neno lile lile la mrusha mkuki. Nihame bweni mwisho wa wiki.

Sikufungasha. Nilivaa dishdasha yangu, kanzu ya huku, iliyopigwa pasi na Bibi, nikaenda kwa mkuu wa chuo, Kocha Mubarak kando yangu na Ustadh Hilal mbele yetu. Niliandaa maneno yangu kwa Kiarabu fasaha, na nayakumbuka kwa kuwa ni mazuri.

Nikasema, "Goti lilipoumwa mlinipa kitanda, mlinipa ruhusa ya matibabu, mkaniwekea jezi. Na goti lenyewe lilikuwa zima. Leo nimekuja na ugonjwa wa kweli, wenye daktari na dawa, mnanipa mlango. Siombi huruma. Naomba haki za goti."

Ustadh Hilal akasema, "Na akianguka Sur mbele ya watu, ataulizwa nani? Si mimi?" Hakusema kwa ubaya. Niliona mikono yake, alikuwa akisokota pete. Alikuwa na hofu kama yangu, ila yake ilikuwa na ofisi.

Kocha Mubarak, ambaye siku zote hizo aliangalia dirisha, safari hii akamwangalia yeye. "Ataulizwa kocha," akasema. "Mimi ndiye niliyempanga. Na mimi ndiye niliyekubali goti."

Mkuu wa chuo alisikiliza, akatutoa nje, tukangoja kwenye korido. Alipotuita alikuwa amekwisha kuamua. Sur sitakwenda. Chumba nitabaki nacho, na masomo, na ruhusa ya kliniki, mpaka mwisho wa msimu, kama mchezaji yeyote aliyeumia. Msimu ujao nishindanie nafasi kama wote. Hakikuwa nilichotaka. Nilitaka Sur. Lakini mrusha mkuki hakupewa hata hicho, na nilimwambia mkuu wa chuo hivyo kabla sijatoka.

Timu ilikwenda Sur bila mimi na ilirudi imefungwa, na sitajifanya kwamba sikufurahi kidogo. Wakati huo huo nilikimbia vilima vya Firq jua linapochomoza mpaka bukta ikaacha kunibana. Dawa sikuziacha, daktari alizipunguza mwenyewe, wakati wake. Na mtu asikudanganye: siku mbaya zilirudi, ila zilinikuta najua la kufanya.

Joto lilipovunjika tulianza mazoezi ya msimu mpya. Magolikipa tulikuwa watatu na mimi niliwekwa wa mwisho. Ustadh Hilal alisimama kando ya mstari, mikono nyuma. Zamu yangu ikafika. Yule kiungo aliyekwenda kuvalia nje ndiye aliyepewa mipira ya kupiga. Nikadaka wa kwanza. Nikapangua wa pili. Kabla ya wa tatu nikasikia bati linaanza kugongwa kifuani, na ganzi ikapanda vidoleni.

Nikainua mkono. "Ngoja," nikasema.

Nikaketi chini ya mlingoti, mbele yao wote, nikatoa pumzi polepole. Niliona viatu vya Ustadh Hilal vikisogea hatua moja kuelekea kwangu, na viatu vya Kocha vikisimama mbele yake. Hamed alichuchumaa akafunga kamba ambazo hazikufunguka. Yule kiungo alinitazama, akauangalia mpira, akauweka vizuri mahali pake, kisha akaukalia.

Wakangoja.

Ganzi ikashuka vidoleni, kimoja kimoja. Nikasimama, nikapiga glavu moja kwa nyingine, nikainama katikati ya goli.

"Haya, inuka," nikamwambia. "Piga."